Runi za Waanglo-Saksoni juu ya mlango wa maktaba: uandike herufi au uandike sauti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa klabu ya wasomaji katika sekondari moja huku Iringa. Tunataka kuchonga ubao wa mninga wa kuweka juu ya mlango wa maktaba, uandikwe "The quiet house of books" kwa runi za Waanglo-Saksoni, yaani herufi za kuchonga za Waingereza wa kale. Nimetumia jedwali moja la intaneti nikapata ᛏᚻᛖ ᛢᚢᛁᛖᛏ ᚻᚩᚢᛋᛖ ᚩᚠ ᛒᚩᚩᚳᛋ. Mwenzangu katumia jedwali jingine, kapata ᛏᚺᛖ ᚲᚹᛁᛖᛏ ᚺᛟᚢᛊᛖ ᛟᚠ ᛒᛟᛟᚲᛊ. Lipi sahihi? Na je, runi zile zinaweza kweli kuandika Kiingereza cha leo, chenye v, j, q na sh?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha sana. Wengi wanaoniandikia kuhusu runi huuliza zinatabiri nini au zinaleta bahati gani. Wewe umeuliza zinaandikaje, na hiyo ndiyo kazi iliyozifanya ziwepo. Nitakujibu kwa kirefu, maana mninga ukishachongwa haufutiki.

Nianze na la mwenzako, kwa kuwa ni jepesi. Runi alizotumia si za Waanglo-Saksoni. Ni za ule mfululizo wa kale wenye runi 24, uliotumiwa na watu wa lugha za Kigermanik, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, tangu karne za mwanzo baada ya Kristo, kabla Kiingereza hakijawa lugha ya kujitegemea. Tazama h yake, ᚺ, ina tawi moja katikati. Ya Waingereza, ᚻ, ina matawi 2. Huko Skandinavia mfululizo ule baadaye ulipunguzwa ukabaki na runi 16, nazo ndizo za akina Viking. Uingereza mambo yalikwenda kinyume: runi ziliongezwa zikafika 28, na katika baadhi ya maandishi 33. Majedwali mengi ya intaneti huchanganya familia hizi 3 kana kwamba ni fonti tu za kitu kimoja.

Wewe umepatia runi, lakini maneno umeyakosea. Wala kosa si lako, ni la jedwali. Jedwali lile linachukua herufi za Kilatini moja baada ya nyingine na kuzivisha nguo za runi. Sasa angalia nini kimetokea. Neno "house" kwa Waanglo-Saksoni lilikuwa hūs, irabu yake ni u ndefu kama ya "kuu". Ile tahajia ya ou ililetwa na waandishi wenye mazoea ya Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Qu ya "quiet" ni hivyo hivyo: Waanglo-Saksoni waliandika cw, na malkia kwao alikuwa cwēn, Wanormani ndio walioleta qu. Th nayo, kwa sauti ile sisi tunayoijua katika "thamani" na "dhahabu", wao walikuwa na runi moja kamili, ᚦ, waliyoiita thorn, yaani mwiba. Runi hiyo ilikuwa bora kiasi kwamba hata walipoanza kuandika kwa Kilatini kwenye ngozi waliibeba ikaingia kwenye alfabeti, þ, na Waisilandi wanaitumia hadi leo. Kwa hiyo ukiandika ᛏᚻᛖ ᛢᚢᛁᛖᛏ ᚻᚩᚢᛋᛖ, unachonga kwa runi za Kiingereza mazoea ya makarani wa Kinormani, watu ambao baada yao runi hazikuandikwa tena ila kwa nadra. Hakuna mchongaji wa Northumbria, ufalme wao wa kaskazini, ambaye angeweza kukusoma.

Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wangu: fuata neno, usifuate herufi. Uliza neno hili linatamkwaje leo, kisha uliza runi ipi ilikuwa inashika sauti hiyo, au ilishika sauti iliyoizaa. Hapo hutakuwa unanakili Kiingereza cha Kale wala kuvalisha alfabeti ya leo nguo za zamani. Utakuwa unaendelea pale wachongaji walipoachia.

Na wao wenyewe walifanya kazi hii hii. Runi ya 4 katika mfululizo wa kale ilikuwa ᚨ, yenye sauti ya a. Ndimi za Waingereza na majirani zao Wafrisia zilipobadilika, ile a ikapasuka vipande 3: katika maneno mengine ikawa o, katika mengine ikabaki a, na katika mengine ikawa ile sauti ya "cat" iliyo kati ya a na e. Wafanye nini? Walichukua umbo lile lile lenye mti mmoja na matawi 2 yanayoshuka. Walipoliacha lilivyo, likawa ᚫ, æsc, mti ambao Waingereza leo wanauita "ash". Walipolikunja tawi la juu kidogo kuelekea juu, likawa ᚪ, āc, yaani "oak". Walipoyakunja matawi yote mawili, likawa ᚩ, ōs, nalo likapewa ile nafasi ya 4. Ndipo mfululizo ukabadilika hata jina: kutoka futhaki ukawa futhorki, kwa sababu jina hilo ni sauti za runi 6 za mwanzo tu zilizosomwa kwa pamoja. Chora ᚫ, ᚪ na ᚩ kwa penseli zikiwa zimepangana, uone jinsi mkono wa mtu ulivyokuwa ukifikiri.

Sasa njoo nikuonyeshe kwa nini nasema inawezekana. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London kuna kisanduku cha mfupa wa nyangumi, urefu wake kama sentimita 23, kilichochongwa Northumbria mwanzoni mwa karne ya 8. Kinaitwa Kisanduku cha Franks kwa jina la Augustus Franks aliyekitoa kwa makumbusho mwaka 1867. Ubao wake wa kulia uko Florence, Italia. Mbele yake pana runi zinazozunguka picha kama upindo wa kanga. Zinasimulia samaki mkubwa aliyetupwa na bahari kwenye changarawe, na mwisho, upande wa kushoto, zinataja kisanduku kimetengenezwa kwa nini: ᚻᚱᚩᚾᚫᛋ ᛒᚪᚾ, hronæs ban, mfupa wa nyangumi.

Itazame ᛒᚪᚾ. Wakati ule iliitwa "baan", a ndefu. Leo Mwingereza anasema "bone". Sauti ile a ndefu ilisogea mdomoni karne kwa karne, na ilisogea kwa maneno yote kwa pamoja: bān ikawa "bone", stān ikawa "stone", hām ikawa "home", na āc, jina la runi yenyewe, likawa "oak". Kwa hiyo ukiipa ᚪ kazi ya kushika sauti ya "oak", unalitii jina lake, na "bone" ya leo utaiandika ᛒᚪᚾ, runi kwa runi kama alivyoichonga yule bwana miaka 1,300 iliyopita. Nilipoligundua hili nikiwa mwanafunzi nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya daftari langu.

Hiyo ndiyo sheria yangu ya irabu: iachie runi irabu iliyozaliwa nayo. Irabu fupi hazina shida. ᛁ ni ya "sit", ᛖ ni ya "bed", ᚫ ni ya "cat", ᚩ ni ya "pot", ᚢ ni ya "put". Neno "cup" nalo liandike kwa ᚢ. Kaskazini mwa Uingereza wengi bado wanazitamka "cup" na "put" kwa irabu moja, na huko kaskazini ndiko makaburi na misalaba mingi yenye runi ilikochongwa.

Irabu ndefu ndizo zilizohama. Kuanzia karne ya 15 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilipanda ngazi mdomoni, na zile zilizokuwa juu kabisa zikapasuka zikawa mbili ndani ya moja. Wazee wa kuchapisha vitabu wakawa wameshaganda na tahajia ya zamani, ndiyo maana Kiingereza kinasomeka kwa taabu. Mimi napendekeza uandike irabu ndefu kwa kurudia runi, na uache historia ikuambie ipi. Tīma imekuwa "time": ᛏᛁᛁᛗ. Ile hūs imekuwa "house": ᚻᚢᚢᛋ. Mōna, mwezi, imekuwa "moon": ᛗᚩᚩᚾ. Sauti ya "see" na "green" ni ᛖᛖ. Kurudia hivi sikukutunga mimi. Kwenye Msalaba wa Ruthwell, nguzo ya jiwe iliyo kusini mwa Scotland, yenye beti za shairi ambamo mti wa msalaba wenyewe unasimulia mateso ya Kristo, pameandikwa ᚱᛁᛁᚳᚾᚫ, "mwenye nguvu", kwa ᛁ mbili mahali pa i ndefu. Na jambo moja zuri: katika lugha ya Waskoti wa upande huo nyumba bado inatamkwa kwa u ndefu. Mtu wa Ruthwell akiisoma ᚻᚢᚢᛋ yako kwa kilugha chake, atakuwa karibu kabisa na mchongaji wa msalaba.

Kwa "day" andika ᛞᚫᛄ. Waanglo-Saksoni walisema dæg, na ile g ya mwisho ilikuwa imelainika ikawa y, ndiyo y tunayoiona hadi leo katika tahajia. Runi ᛄ inaitwa gēr, ambayo ni "year", nayo ni y yetu ya "yai". Vivyo hivyo "name" ni ᚾᚫᛄᛗ, na "boy" ni ᛒᚩᛄ. "Law" ni ᛚᚪᚹ. "Father" inataka ᚫᚫ. Irabu zilizo mbele ya r, kama za "bird", "word" na "fern", ziache zifuate tahajia ya kawaida na usiidondoshe r hata kama watu wa London hawaitamki. Waskoti na Wamarekani wanaitamka, na wachongaji walikuwa wanaitamka pia.

Kuna irabu moja dhaifu inayosikika mwishoni mwa "teacher" na mwanzoni mwa "about". Wengine wanaotengeneza mifumo kama hii wanaipa runi ya peke yake. Mimi sikubali. Neno moja la Kiingereza hubadilisha irabu zake mkazo ukihama. Ukizifuata zote, mzizi wa neno unapotea machoni. Mahali irabu hiyo haina asili inayojulikana, weka ᛖ uendelee na safari.

Hapa nikusemeshe kidogo kama mtu wa nyumbani. Sikio letu la Kiswahili lina irabu 5, na tukiongea Kiingereza "bat", "but", na mara nyingi hata "bird", zote tunaziangusha kwenye a moja. "Ship" na "sheep" tunazitamka pacha. Ukiandika kwa sikio lako tu, utapata mfumo mzuri wenye irabu chache, na wala huwezi kuitwa mkosaji, kwa sababu mchongaji wa Ruthwell naye aliandika lafudhi ya kwao Northumbria, si ya mfalme wa Wessex kule kusini. Lakini mgeni atakayeingia kwenye maktaba yenu akitaka kusoma atashindwa kutenganisha maneno. Kwa ubao wa hadharani, chukua kamusi yenye matamshi uifuate. Kwa shajara yako ya siri, fuata ulimi wako.

Konsonanti nyingi hazina mjadala: ᛒ b, ᛞ d, ᚠ f, ᚻ h, ᛚ l, ᛗ m, ᚾ n, ᛈ p, ᚱ r, ᛋ s, ᛏ t, ᚹ w. ᚦ ibebe th zote, ile ya "thamani" na ile ya "dhahabu", maana maneno ya Kiingereza yanayotofautiana kwa hilo tu yanahesabika kwa vidole. ᛝ ni ng' yetu ya "ng'ombe", na nakuhakikishia Mswahili anaielewa runi hii haraka kuliko Mwingereza. Yeye huandika ng hiyo hiyo katika "singer" na "finger" wala haoni tofauti. Wewe unayejua "ng'oa" na "ngoa" utaandika ᛋᛁᛝᛖᚱ na ᚠᛁᛝᚷᛖᚱ bila kufundishwa.

Penye utamu ni k na ch. Runi ya zamani ᚳ, cēn, ilikuwa k. Kisha Kiingereza kikalainisha k zilizokaa karibu na i na e zikawa ch, na jina la runi lenyewe likalainika pamoja nazo. Sasa runi moja ikawa inabeba sauti mbili, na wachongaji wa kaskazini hawakuvumilia. Wakatengeneza ᛣ, calc, kwa ile k ngumu. Ruthwell pameandikwa ᛣᚱᛁᛋᛏ, Kristo, kwa runi mpya, na ᛁᚳ, "mimi", lililotamkwa "ich", kwa ile ya zamani. Kwa hiyo jibu tunalo tayari: ᛣ ni k, ᚳ ni ch. "Child" ni ᚳᛁᛁᛚᛞ, "king" ni ᛣᛁᛝ. "Cold", ambayo kaskazini ilikuwa cald, ni ᛣᚪᛚᛞ. Na q ya "queen" isikusumbue: ni ᛣᚹ, kama walivyoandika wao. Lipo umbo ᛢ ambalo jedwali lako limekupa kwa q, lakini hilo linaonekana vitabuni mwa watawa, halimo katika mawe na mifupa ya Uingereza, liache.

Sh wao waliiandika kwa runi 2. Samaki wa Kisanduku cha Franks ni ᚠᛁᛋᚳ, na ndiyo "fish". Tumia ᛋᚳ hivyo hivyo. Utapata na faida ambayo tahajia ya leo inaificha: "shirt" na "skirt" zilikuwa neno moja la kale. Moja lililainishwa na Waingereza, la pili lililetwa likiwa gumu na watu wa Skandinavia. Andika ᛋᚳᛁᚱᛏ na ᛋᛣᛁᚱᛏ uone undugu wao ulivyo wazi, mikono tofauti kwenye mwili mmoja. J ya "judge" na "joy" iandike ᚳᚷ, kwa kuwa katika vitabu vya Kiingereza cha Kale "edge" iliandikwa ecg na "bridge" brycg. ᚷ peke yake, gyfu, ibaki na g ya "gift".

Tukija kwenye v, hapo ndipo wengi hukwama. Kiingereza cha Kale kilikuwa na sauti ya v, ila hakikuwa na haja ya kuiandika: f ikikaa katikati ya irabu ilitamkwa v yenyewe, na msomaji alijua. Maneno ya Kifaransa kama "very" na "voice" ndiyo yaliyoleta v mwanzoni mwa neno kwa wingi, na kuanzia hapo "fine" na "vine" yakawa maneno mawili. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kianglo-Saksoni Oxford na ambaye mwaka 1937 alitumia runi za Kiingereza kuandika Kiingereza cha kisasa katika hadithi yake ya The Hobbit, aliiazima ᚢ kwa v na ᛁ kwa j, kama Warumi. Namheshimu mno, lakini hapa sikubaliani naye. Alifuata tahajia zaidi kuliko sauti, na ᚢ tayari ina mzigo wa kutosha.

Mimi nachukua njia ya nukta. Waskandinavia, walipobaki na runi 16 na sauti zikawazidi, walianza kuzitia nukta runi zao ili moja ibebe kazi mbili, na ᚠ yenye nukta, ᚡ, ikawa v. Hata sisi hili si geni. Wazee wa Lamu, Pate na Mombasa walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuta Kiarabu hakina p wala v. Wapo walioandika ب tu wakamwachia msomaji aamue kama ni "baka" au "paka", na wapo waliotia nukta 3 wakapata پ kama Waajemi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliongeza alama zake juu ya herufi ili sauti za Kimvita zisipotee. Nukta ni njia ya watu waliokwisha kufika kwenye ukuta huu huu, na haidai runi mpya. Basi "five" ni ᚠᛁᛁᚡ.

Z ni rahisi. Runi ᛉ hapo zamani sana ilikuwa z, kisha sauti hiyo ikapotea mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, na watawa wakaibakiza runi kwa x ya Kilatini. Irudishe kazini kwake: "is" ni ᛁᛉ. X yenyewe ni ᛣᛋ. Runi nyingine zilizobaki, yaani ᛇ, ᛟ, ᚣ na ᛠ, nimezipumzisha kwa sababu sauti zao zimekufa, na runi ya mapambo humchanganya msomaji.

Hata ᛟ ingekuwa na kazi, ningekuomba usiitundike peke yake ukutani wala kwenye fulana. Wanazi waliichukua, na warithi wao bado wanaipeperusha. ᛋ mbili zikiambatana ni vivyo hivyo, kwani zilikuwa nembo ya kikosi cha SS, na nchini Ujerumani kuionyesha nembo hiyo ni kosa la jinai. Kwa bahati njema "class" na "glass" zina s moja tu mdomoni, kwa hiyo mfumo wetu unaandika ᛋ moja. Inaniuma kuona mwandiko wa watu waliochonga samaki na mashairi umechafuliwa namna hii, nami ningependa wanaokuja maktaba yenu waukute ukiwa safi.

Turudi kwenye ubao wako. "The" ni ᚦᛖ. "Quiet" ni ᛣᚹᛁᛁᛖᛏ, kwa kuwa irabu yake ya kwanza ni ile ya "time". "House" ni ᚻᚢᚢᛋ. E ya mwisho haitamkwi, hatuichongi. "Of" inamalizika kwa v mdomoni ingawa inaandikwa f, hivyo ni ᚩᚡ. Hapo zamani "of" na "off" zilikuwa neno moja, na nukta hii ndogo ndiyo inayoyatenganisha. "Books" ni ᛒᚩᚩᛣᛋ, kutoka bōc. Wachongaji mara nyingi hawakuacha nafasi kati ya maneno, ila walipotenganisha walitumia nukta, nawe weka nukta moja katikati ya kimo cha mstari:

ᚦᛖ᛫ᛣᚹᛁᛁᛖᛏ᛫ᚻᚢᚢᛋ᛫ᚩᚡ᛫ᛒᚩᚩᛣᛋ

Ukiipiga chapa kwenye kompyuta ili upate kielelezo, runi zimo katika Unikodi, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, tangu mwaka 1999, na fonti ya Noto Sans Runic inazo zote hizi. Ukiona vijisanduku vitupu, tatizo ni fonti ya kwenye kompyuta yako. Mwaka 2014 ziliongezwa runi nyingine, zikiwemo 3 za Tolkien za k, sh na oo, ila si kila fonti inazo, na kwa mpango huu huzihitaji.

Mstari wako una runi 19 na nukta 4. Ukiipa kila runi sentimita 4 na kila nukta 3, unapata sentimita 88, kwa hiyo ubao wa mita 1 unabakiza sentimita 6 kila upande. Laza nyuzi za mti zielekee kushoto na kulia. Utaona runi hazina mstari hata mmoja uliolala, kwa sababu patasi ikifuata nyuzi hupasua ubao. Chonga miti iliyosimama kwanza, ikikata nyuzi, kisha matawi ya mshazari. Chora yote kwa penseli kabla hujagusa patasi, na uangalie sana ᚦ na ᚹ: tumbo la ᚦ liko katikati ya mti, la ᚹ limeanzia kileleni kabisa. ᛖ na ᛗ nazo hutofautiana kwa kupishana kwa matawi tu, kwa hiyo ile ᛖ ya "the" na ya "quiet" isivuke mistari yake. Nukta ya ᚡ usiichonge, itobolee kwa msumari mwembamba, pole pole, ubao ukiwa umelala.